Maadili ya Ukristo na Uislamu sekondari: tuwafundishe watoto pamoja au kila mmoja na kipindi chake?

#1 Mwalimu wa Kusini
Salaam wadau. Nafundisha Uraia shule moja ya kata huku Mtwara, nataka mnisaidie kufikiri.

Kipindi cha dini kikifika, Waislamu wanabeba madaftari kwenda chini ya mikorosho kumsubiri ustaadhi, Wakristo wanabaki darasani na katekista. Siku ustaadhi hana nauli au katekista yuko msibani, watoto wanapiga soga mpaka kengele. Miaka minne inakwisha hivyo. Mwisho wake unamkuta kijana wa Kikristo aliyekulia jirani na msikiti hajui zaka inatolewa vipi, na wa Kiislamu anaamini Mroma na Mpentekoste wanasali sala moja.

Muhula uliopita nilikuwa na mada ya uadilifu, watoto wote pamoja. Nikachukua kangomba. Kwa msio wa huku: ni ule ununuzi wa korosho wa uchochoroni, nje ya mnada. Mkulima mwenye shida anauza kwa kopo, kwa bei ya kutupa, wakati mwingine korosho zikiwa bado mtini. Nilileta kopo lenyewe darasani, kitako kimegongwa kikabinuka kwa nje ili libebe zaidi. Tukasoma aya za mwanzo za Surat al-Mutaffifin, halafu Amosi sura ya 8. Msichana mmoja wa Kikristo akanyoosha mkono, akasema Amosi anawakemea wauzaji wanaopunguza kipimo, lakini hii sura inaanza na yule anayejipimia kwa kujaza anapopokea kwa watu. Kwa hiyo mnunuzi wa kangomba yumo humu waziwazi. Darasa zima likageuka kulitazama kopo.

Wiki iliyofuata wakaja wazazi wawili, kila mmoja na siku yake. Mmoja anauliza kwa nini mwanawe anasomewa Biblia, mwingine kwa nini wake anasomewa Kurani. Nikaambiwa niache.

Swali langu: ni vibaya kuwafundisha imani na maadili ya dini zote mbili wakiwa wamekaa pamoja?

#2 Mkoroshoni
Pole Mwalimu. Kwanza tuambie wewe ni dini gani, maana ugomvi wa wazazi unaanzia hapo.

#3 Mwalimu wa Kusini
Mwanglikana. Aya sikusoma mimi, alisoma mwalimu mwenzangu wa Kiswahili ambaye ni Muislamu, na tafsiri tuliipitia naye kabla ya kipindi.

#4 Ustaadhi wa Kilwa
Mwalimu, nia yako njema naiona na sikulaumu. Ila mimi nasema hapana, na nisikilizwe sababu.

Maadili katika Uislamu hayasimami peke yake. Mtoto anaanza na tawhidi, yaani kwamba Mungu ni mmoja, anajua nani kamuumba na atarudi kwa nani, ndipo anafundishwa asipunje. Hiyo hiyo sura uliyoitumia, baada ya kuwataja wapunjaji, inauliza: hawa hawadhani kuwa watafufuliwa kwa siku iliyo kubwa? Hapo ndipo penye uzito wake. Ukiichukua aya ya kipimo ukaiacha ya kufufuliwa, umebakiwa na nasaha tu, ambayo hata mwenyekiti wa kijiji anaweza kuitoa. Na ukiisoma yote, umeingia kwenye akida, misingi ya imani yenyewe, na hapo mwalimu wa Uraia hana sifa ya kusimamia.

Nimefundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu shule za serikali miaka mingi bila mshahara wa serikali. Vijana wanaojua dini yao vizuri ndio wanaowaheshimu wenzao. Anayechokoza ni yule asiyejua hata yake.

#5 Kijana wa Ruangwa
Mbona tunazunguka? Nchi yetu haina dini. Katiba imesema dini ni jambo la mtu binafsi. Dini ziende msikitini na kanisani, shule ibaki na fizikia.

#6 Kanzu na Joho
#5 umeikata Katiba nusu. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na kubadili dini. Inasema kutangaza dini na kufanya ibada ni hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya mamlaka ya nchi. Hakuna panapokataza kipindi cha dini shuleni. Ndiyo maana hata Baraza la Mitihani linatunga mtihani wake. Fungua matokeo yoyote ya kidato cha nne utaona B/KNOWL (Maarifa ya Biblia) na E/D/KIISLAMU (Elimu ya Dini ya Kiislamu) zimekaa pamoja na hisabati.

Hoja ya kweli kwenye ibara hiyo ni hiari. Je, kwenye darasa la Mwalimu, mtoto asiyetaka alikuwa na mlango wa kutokea?

#7 Mama Tatu wa Lindi
Hapo kwenye hiari mimi nina kesi yangu. Mume wangu ni Muislamu, mimi Mkatoliki wa Nyangao, tumefunga ndoa bomani. Watoto watatu. Mkubwa aliingia kidato cha kwanza, siku ya kipindi cha dini akabaki amesimama uwanjani. Mwalimu wa zamu akamwambia chagua upande. Mtoto wa miaka 14! Akaenda kwa Waislamu kwa sababu rafiki yake alikwenda huko. Nyumbani akashindwa kuniambia, nikaliona daftari.

Sikukasirika kwa Uislamu, baba yake ni Muislamu na namheshimu. Kilichoniuma ni mtoto kulazimishwa kumkata mzazi mmoja mbele ya wenzake. Mwanangu angekaa kwenye darasa la Mwalimu angesikia kwamba mama na baba wote wanakatazwa kupunja. Basi, hilo tu lingemtosha kwa siku ile.

#8 Mmakua wa Masasi
Dada yangu #7, kwetu, ambako ukoo unafuata upande wa mama, hilo lingekwenda kwa mjomba likaisha jioni hiyo hiyo.

Lakini nasema kwa dhati, mnatafuta maadili mahali ambapo hayakuwahi kukaa. Huku kusini, Wamakua, Wamakonde, Wayao, Wamwera, mtoto alifundwa jandoni na unyagoni. Heshima kwa wakubwa, kujua mwili wako, kutunza siri ya nyumba, kumkwepa mama mkwe, kumzika mwenzio hata kama mmegombana. Ustaadhi na katekista wote wamepita kwa kungwi kabla ya kupita kwenye vitabu. Siku hizi tumelifupisha jando likaingia kwenye likizo ya shule, watoto wanarudi na zawadi na picha za simu, mafunzo hamna. Halafu tunashangaa.

#9 Kijana wa Ruangwa
Mmakua, unyago huohuo ndio unaolaumiwa kwa mabinti kuacha shule. Usiusafishe.

#10 Mmakua wa Masasi
Siusafishi, naomba urekebishwe. Na si mawazo yangu mapya. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walifika Masasi 1876, na Vincent Lucas, aliyekuja kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi 1926, alifanya jando la Kikristo. Alilichukua jando lilivyo, akaondoa aliyoona hayafai, akaingiza sala na mafundisho, wazee wakashirikishwa. Babu zetu walitahiriwa hivyo. Kumbe imani na mila viliwahi kukaa darasa moja porini, miaka mia iliyopita.

#11 Katekista Mstaafu
Mmakua umesema kweli, niongezee kidogo. La wavulana lilikubalika kuliko la wasichana, wakina mama hawakupenda wanaume wa kanisa wapange yanayohusu unyago. Na wengine kanisani walimpinga Lucas, wakasema ameleta upagani madhabahuni. Kwa hiyo hata hilo halikuwa rahisi.

Mimi nataka kumwambia Mwalimu jambo ambalo hamjaligusa, lugha. Watoto wangu wa somo la Biblia wanafanya mtihani wa kidato cha nne kwa Kiingereza. Wenzao wa Elimu ya Dini ya Kiislamu wanafanya kwa Kiswahili. Mtoto wa Masasi anaijua habari ya Naboti na shamba lake la mizabibu, atakusimulia mpaka ulie. Mwambie aiandike kwa Kiingereza, anakuandikia mistari mitatu. Nimemwona kijana anayeongoza ibada ya jumuiya, kapata F ya Biblia. Ukitaka kuwaweka pamoja, utawafundisha kwa lugha gani na watajibu mtihani wa nani?

#12 Dogo wa Nachingwea
Shikamooni wakubwa. Mimi nimemaliza juzi juzi tu. Ukweli ni kwamba wengi tunachukua somo la dini ili kuongeza idadi ya masomo. Halafu tunakuja kuambiwa halihesabiki. Sasa kwa nini mtu asome?

#13 Msajili
Marahaba dogo. Nafanya kazi ya udahili chuo cha kati, nikuwekee sawa. Somo linahesabika kama somo: unafanya mtihani, alama inaandikwa kwenye cheti. Kinachowakwaza watu ni sifa za kujiunga na vyuo. Kozi nyingi za cheti zinataka ufaulu wa masomo manne "yasiyo ya dini". Kila mwaka napokea kijana mwenye D nne, moja ikiwa ya dini, namrudisha. Inauma. Mwaka jana mmoja alikuwa na C ya dini na D tatu za mengine, C yake ndiyo alama nzuri kuliko zote na ndiyo pekee isiyomsaidia.

#14 Ustaadhi wa Kilwa
Msajili, hapo umeeleza ugonjwa wenyewe. Tunamwambia mtoto maadili ni uti wa mgongo wa taifa, halafu mlangoni kwa chuo tunamwambia hilo somo liache nje. Mtoto ana akili, anajua kipi wakubwa wanakithamini. Kabla hatujabishana wakae pamoja au mbalimbali, hili kwanza.

#15 Kanzu na Joho
Ila Ustaadhi, kuna upande wa pili. Likihesabika kila mahali, shule za dini zitawajazia watoto alama huko na wengine watabaki nyuma. Sharti lile liliwekwa kwa kuogopa hilo, nadhani. Halafu hali inabadilika: Machi 2024 zilitangazwa tahasusi mpya 49, yaani michepuo ya masomo, za kidato cha tano, zikafika 65, na zimo za elimu ya dini. Mtu anaweza sasa kuchanganya dini na historia na jiografia.

#16 Mkoroshoni
Nirudi kwa Mwalimu. Mimi ni mkulima na ni baba, somo la kopo lingenipendeza. Ila usiishie kwenye kangomba, wafundishe na zaka. Msimu wa mnada huku hela zinaingia mara moja kwa mwaka na hakuna anayewaambia vijana hata kidogo kuhusu haki ya maskini ndani ya hela hiyo. Uislamu zaka ni asilimia 2.5 ya kila kitu, Ukristo ni asilimia 10. Wapige hesabu ya gunia. Hisabati na dini vimekutana.

#17 Ustaadhi wa Kilwa
Ndugu yangu Mkoroshoni, si ya kila kitu. Asilimia 2.5 ni ya fedha na bidhaa za biashara, zikifika kiwango na zikipitiwa na mwaka. Mazao yana hesabu yake: yanayoota kwa mvua ni moja ya kumi, ya kumwagilia kwa gharama ni moja ya ishirini, na hutolewa siku ya mavuno. Surat al-An'am aya ya 141 imeagiza haki yake itolewe siku ya kuvunwa.

Sasa korosho. Sisi pwani tuko madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi zaka ya mazao iko kwenye chakula kikuu kinachowekwa akiba, mfano mtama na mpunga, na katika matunda tende na zabibu. Korosho haimo. Mkulima akiuza akakaa na fedha mwaka mzima na imefika kiwango, hapo ndipo anatoa 2.5. Ila Imamu Abu Hanifa anaona kila kinachotoka ardhini kina zaka. Kwa hiyo mkulima wa Newala kwa rai moja anatoa gunia moja katika kumi, kwa rai nyingine hatoi gunia hata moja. Unaona kwa nini nasema hili si la mwalimu wa Uraia?

#18 Mkoroshoni
Ahsante Ustaadhi. Miaka yote hii msikitini kwetu hakuna aliyetueleza hivyo. Na makato je? Chama cha msingi kinakata, ushuru unakatwa, magunia, usafiri. Natoa kabla ya makato au baada?

#19 Katekista Mstaafu
Swali hilohilo naulizwa mimi kila msimu! Mkristo anasoma Walawi 27, fungu la kumi la nchi ni la Bwana, halafu ananishika shati nje ya kanisa: katekista, la kumi la bei ya mnada au la iliyoingia benki? Na si Wakristo wote wanafundisha fungu la kumi kwa namna moja. Parokiani kwetu zaka inakusanywa kupitia jumuiya kwa bahasha, kiasi mtu anachojaliwa. Wenzetu walokole wanashika la kumi kamili. Bwana Yesu katika Mathayo 23 aliwakemea waliotoa zaka ya mnanaa na bizari wakaacha adili na rehema, na hakuwaambia waache kutoa.

Ustaadhi, unaona? Wewe na mimi tumeulizwa swali moja na mtu mmoja. Watoto wetu wangelisikia pamoja kungeharibika nini?

#20 Ustaadhi wa Kilwa
Mzee wangu, hapa tumeulizwa na mtu mzima anayejua anachokiamini. Yeye akisikia jibu lako hayumbi. Mtoto wa kidato cha pili bado.

#21 Mama Tatu wa Lindi
Ustaadhi kwa heshima, mtoto wa kidato cha pili anayajua ya TikTok yote, anaangalia mihadhara ya mabishano ya dini watu wakitukanana kwa saa nzima. Hayo hayamyumbishi? Heri asikie kwa wewe na katekista mliokaa kwa adabu.

#22 Mlindi wa Leicester
Nasoma kimya tangu asubuhi, niseme kidogo. Nipo Uingereza, binti yangu amesoma somo la dini hapa. Kwa mtihani wao wa GCSE, wa sekondari kwa watoto wa miaka 16 hivi, uliobadilishwa 2016, mwanafunzi lazima asome dini mbili. Yeye alisoma Ukristo na Uislamu: imani kwanza (Utatu, tawhidi, ufufuo, akhera), halafu ibada, halafu mada za maadili, ndoa na familia, vita na amani, uhalifu na adhabu. Swali kubwa linakuja na kauli, tuseme "adhabu ya kifo ni haki", unatakiwa kuijadili kwa kutumia mafundisho ya dini na kutoa pande zote kabla ya kuhitimisha. Mzazi asiyetaka ana haki kisheria kumtoa mtoto kwenye somo.

Mwalimu wake hana dini kabisa. Binti yangu ni Muislamu, mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi. Alichonishangaza ni kwamba maswali aliyokuja nayo nyumbani yalikuwa ya Uislamu kuliko ya Ukristo. "Baba, kwa nini Suni na Shia wanatofautiana?" Ikabidi nikasome.

#23 Kijana wa Ruangwa
Hiyo naikubali. Dini kama elimu ya kuwajua watu, si kumhubiria mtu.

#24 Ustaadhi wa Kilwa
Na hiyo ndiyo ninayoikataa, tuelewane vizuri. Huko mtoto anafundishwa *kuhusu* dini. Sisi kipindi chetu ni cha kumlea muumini aswali, afunge, asizini. Mwalimu asiye na dini anaweza kumweleza binti swala ni rakaa ngapi, hawezi kumwamsha alfajiri. Mlindi, binti yako alirudi na maswali kwa sababu nyumbani ana baba wa kuyajibu. Watoto wangu wengine wanaishi kwa bibi, wazazi wako Dar, kipindi changu ndicho mlezi wao wa dini wa pekee.

#25 Upendo wa Mikindani
Bwana asifiwe, assalaam alaykum. Nimeokoka. Niseme upande wetu ambao husahaulika. Mnasema "Wakristo wanabaki darasani" kwa urahisi sana. Shuleni kwetu katekista wa Kikatoliki alipofundisha habari za watakatifu, walokole tulitoka nje. Anglikana wakabaki nusu. Msabato hakuwa na shida na kipindi, shida yake ni masomo ya ziada ya Jumamosi. Kwa hiyo hata kabla hamjatuunganisha na Waislamu, sisi kwa sisi hatujaungana. Waislamu nao najua wana Ansari, wanaoyakataa Maulidi, na wasio Ansari, siku ya Maulidi mnaisikia vita.

Kwa hiyo nauliza, "pamoja" ya Mwalimu inaishia wapi? Atakayeandaa muhtasari ataandika Ukristo wa nani?

#26 Mkoroshoni
#25 umemwaga nondo.

#27 Bandari ya Zamani
Hakuna aliyesema kwa nini wazazi wanakuwa wakali hivi. Hii ni historia. Shule nyingi za kusini zilikuwa za misheni, Ndanda ya Wabenediktini, Chidya ya Anglikana, na wazee wetu Waislamu waliogopa kupeleka watoto wasije wakabatizwa. Wengi walibaki na madrasa. Mkoa ambao Waislamu ni wengi, waliosoma wakawa wachache upande huo. Ndiyo maana Azimio la Arusha la 1967 likataifisha shule, dini ikawekewa vipindi, kila dini ilete mwalimu wake. Mzazi aliyekuja kwa Mwalimu kulalamika Biblia, anazo hadithi za babu yake kichwani.

#28 Katekista Mstaafu
Masahihisho kwa #27: Azimio lilitaifisha mabenki na mashamba makubwa. Shule zilichukuliwa kwa Sheria ya Elimu ya 1969, utekelezaji ukawa 1970. La pili, si kweli kwamba hakuna Muislamu aliyesoma misheni akabaki na dini yake. Walikuwepo, nimekaa nao dawati moja. Lakini hofu ilikuwepo, hilo sikatai, na wapo waliobadilishiwa majina mlangoni.

#29 Bandari ya Zamani
Ahsante mzee, nimepokea mwaka. Hiyo ya majina ndiyo isiyosahaulika.

#30 Kanzu na Joho
Na mnasahau kuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, la lazima kwa wote. Maadili yameshapata kiti chake. Dini zibaki na imani zao, Mwalimu alipeleke kopo lake huko.

#31 Mwalimu wa Kusini
Nimesoma yote, ahsanteni. #30, nimeuona muhtasari. Una uzalendo, uwajibikaji, kupinga rushwa. Ni mazuri. Lakini mtoto wa huku ukimuuliza kwa nini usiibe, hakujibu "kwa sababu ya taifa". Anakujibu Mungu anaona. Nikifundisha maadili nikiruka hilo, nafundisha mtoto ambaye hayupo darasani kwangu.

Ustaadhi, hoja ya kufufuliwa imenikaa. Nimeirudia sura, kweli nilikata pale palipo na nguvu. Ninachokiona sasa: vipindi vya dini vibaki kila upande kama vilivyo, sivigusi. Ila mara moja kwa muhula, darasa la pamoja juu ya jambo moja la hapa kijijini. Kangomba. Mirathi, maana huku mtoto anafundishwa Kurani inampa mwana fungu lake, na akirudi nyumbani anakuta mjomba kakalia mikorosho ya marehemu. Umri wa kuolewa pia, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, Mahakama ya Rufani 2019 ikakubali kwamba kifungu kinakwenda kinyume na Katiba. Dini zinasemaje, mila inasemaje? Ustaadhi aseme ya kwake mwenyewe, katekista ya kwake, mimi nisimamie muda tu. Mzazi asiyetaka aandike barua, mtoto aende maktaba.

#32 Ustaadhi wa Kilwa
Kwa namna hiyo, ya kila mwenye elimu kusema ya kwake, mlango naufungua nusu. Kwa sharti swali la mwanafunzi kuhusu akida lisijibiwe hapo, aje nalo kwenye kipindi chetu. Na huyo ustaadhi wenu apewe nauli, msimwite kwa "fadhila za Mungu".

#33 Upendo wa Mikindani
Na mchungaji wetu? Au ni katekista tu?

#34 Msajili
Nauli itatoka wapi? Mfuko wa shule hauna kasma ya mwalimu wa dini. Wazazi wachange baada ya minada, Novemba au Desemba, kabla ya hapo hakuna mwenye hela.

#35 Dogo wa Nachingwea
Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani. Fanyeni Februari.

#36 Mmakua wa Masasi
Mwalimu umetaja mirathi na ndoa, na umesema "mila inasemaje". Nani ataisemea? Ustaadhi yupo, katekista yupo. Leta na kungwi akae mbele, wa kike kwa mabinti na wa kiume kwa wavulana. Mambo ya mjomba na mikorosho hayako kwenye Walawi.

#37 Ustaadhi wa Kilwa
Na katekista nakaa hata kesho. Na kungwi hapana. Yule hana kitabu cha kumhukumu akikosea, mimi nikikosea nafunguliwa msahafu.

#38 Mmakua wa Masasi
Akikosea anahukumiwa na wazee, Ustaadhi, na faini anatoa kuku. Kungwi asipokuwepo, mirathi mtakayofundisha hapo ni ya kwenye karatasi. Mwanangu ataandikiwa barua ya maktaba.